Kimya cha Salome

Jumanne, wiki ya pili baada ya Pasaka

Mdogo wangu Silvano,

Shikamoo yako uliyoituma kwa Dorotea nimeipokea, marahaba. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe, wifi yangu na watoto, na kwamba joto la Dar es Salaam limepungua kidogo. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, miguu tu ndiyo inayomsumbua mvua zikizidi, lakini bado anakwenda jumuiya kila Jumamosi na bado anabishana na kila mtu huko. Shemeji yako Kelestini ni mzima. Eliza naye ni mzima, yuko kidato cha pili na amenipita urefu, na habari yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Utanisamehe mwandiko. Unayumba kwa sababu utakayoiona huko mbele. Utanisamehe pia kwamba hii ni barua na siyo simu. Kwa simu tulizungumza na haikusaidia kitu, nawe mwenyewe uliniambia kwamba kwako maandishi yanatosha. Basi nimeandika. Nasema mapema ili salamu hizo za juu zisikudanganye: nimekasirika, Silvano. Nimekasirika tangu kabla ya Pasaka. Nilikwenda kanisani na hasira zangu, nikaimba nazo aleluya, nikarudi nazo nyumbani.

Ulipokuja mwaka jana na mradi wako, hakuna aliyefurahi kunizidi mimi. Pale ukumbini Ifakara nilikaa mstari wa mbele, nimevaa kitenge ulichoniletea, nikimwambia kila aliyekaa karibu kwamba yule Daktari nimembeba mgongoni. Ukatueleza habari za fenomenolojia. Ukasema ni falsafa iliyoanzia kwa wazee wa Kijerumani, na kwamba inataka tusianze na nadharia, tuanze na jambo lenyewe kama linavyomtokea anayeliishi. Ukasema falsafa hiyo haina idara. Muuguzi ataitumia kujua maumivu yakoje kwa mwenye kuumwa, bwana shamba ataitumia kujua mafuriko yakoje kwa mwenye shamba, mwalimu ataitumia kujua kufeli kukoje kwa aliyefeli. Lakini kwanza, ukasema, mtafiti achukue yote anayodhani anayajua, ayafungie kwenye mabano, ndipo atasikia. Beatus, yule bwana shamba ambaye baadaye ulimpa usimamizi wetu, akauliza kama na kweleakwelea wanaotumalizia mpunga tuwafungie kwenye mabano. Ukumbi mzima ulicheka. Wewe hukucheka sana.

Mimi niliamini, na sikuamini kwa sababu tu ni wewe uliyesema. Miaka yote niliyohoji watu katika bonde hili nimebeba madodoso. Ndiyo au hapana, mara ngapi, vyandarua vingapi, na mama wa watu akianza kueleza lililomkuta ninamkatiza kwa kuwa halina kisanduku chake. Safari hii nilikwenda na swali moja tu, hebu nieleze ilikuwaje, kisha nikanyamaza. Kule Masagati mama mmoja, jina lake silitaji maana ulitukataza, alinisimulia alivyotembea na uchungu wa uzazi hadi barabarani kusubiri gari ambalo halikuja. Alipomaliza akanishika mkono, akasema wengi wameshakuja kumuuliza alijifungulia wapi, ila mimi ndiye wa kwanza kumuuliza ilikuwaje. Nilirudi Ifakara kifua mbele. Kwa hiyo usije ukasema dada hakuielewa falsafa. Niliielewa na niliipenda. Ninachokigombea ni ulichokifanya nayo.

Ripoti yako ilipotoka, Dorotea ndiye aliyeniletea. Tuligawana naye vijiji, yeye akihoji ng'ambo hii na mimi ng'ambo ile, na hakuna mtu anayeijua kazi ile kama yeye. Tuliisoma pamoja jikoni kwangu Mlabani mpaka maharage yakaungua. Sehemu ya wauguzi sina ugomvi nayo. Sehemu ya wakulima wa Mngeta pia uliandika vizuri. Sura ya nne ndiyo iliyonitoa machozi, ile ya wanawake waliokatizwa masomo ili wakaamie ndege. Umewafafanulia wageni kwamba mpunga unapoanza kubeba punje, familia za bondeni huhamia mashambani, na mtu mmoja hupanda juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa kutoka ardhini, akashinda humo tangu ndege wanapoamka hadi wanapokwenda kulala, akipiga kelele, akivuta kamba za makopo na kurusha udongo kwa kombeo. Umefafanua vizuri kabisa, utadhani hukuzaliwa huku.

Sura hiyo yote umeijenga juu ya mwanamke mmoja uliyempa jina la bandia la Salome. Alitolewa shule akiwa darasa la sita. Alimweleza Dorotea kwamba juu ya dungu alikuwa akiimba jedwali la kuzidisha na majina ya mito ya Tanzania, kwa sauti yake yote, kwa sababu aliogopa atayasahau. Aliogopa, Silvano. Neno hilo limo, na wewe mwenyewe umelinukuu. Kisha chini yake ukaandika kwamba Salome hakunyimwa shule, bali aliihamishia juu ya dungu, na kwamba dungu lilikuwa kwake mahali pa uhuru na pa kuumba maana. Nilirudia kusoma nikidhani macho yangu ndiyo mabovu.

Halafu ukaja kwenye kimya. Dorotea alimuuliza Salome kuhusu ndugu zake. Akajibu kwamba alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyesomea mjini. Hapo Bryson, kijana wako anayechapa mahojiano huko chuoni kwenu, ameandika kwamba kuna kimya kirefu, na baada ya kimya hicho Salome anasema basi, tuendelee. Kimya hicho umekiandikia ukurasa mzima. Umesema ni kimya cha mtu aliyepatana na maisha yake. Umesema ni utulivu ambao maneno yangeuharibu. Dorotea alikuwepo siku hiyo. Alikaa mbele ya mwanamke huyo akamwona anavyouma pindo la kanga ili asipige ukelele. Aliposoma ukurasa wako aliifunga ripoti akatoka nje, na aliporudi tulianza kusugua sufuria.

Hata hapo ningevumilia. Ripoti ngapi zimeandikwa juu ya bonde hili, na zimelala makabatini bila kumdhuru mtu. Lakini wewe ukaenda redioni. Kelestini alikuwa uani anashona nyavu zake, redio iko pembeni, akasikia sauti ya shemeji yake akaongeza sauti. Ukasema watu wa mjini waache kuwaonea huruma mabinti wa bondeni kabla ya kuwasikiliza. Ukamtaja Salome na shule yake isiyo na kuta. Mtangazaji akakusifu, akasema wasomi wa aina yako ni wachache. Mimi nilikuwa naanika mpunga, nikajikuta nimeukanyaga.

Kelestini si mtu mbaya, unamjua. Mwaka huu ndege ni wengi kupita kiasi. Mpwa wake aliyekuwa akituamia amekwenda kwenye mashamba ya miwa kama vijana wote, na wa kukodi hapatikani. Nilimwomba aziache nyavu kwa wiki hizi chache aamie mwenyewe, na alikuwa anaelekea kukubali. Baada ya redio hakuelekea tena. Akasema likizo ya Pasaka ikiisha Eliza asirudi shule, akae shambani hadi mavuno, apande na madaftari yake. Nilipopinga alinijibu kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. Alisema yeye si msomi na mimi ni mhojaji tu, lakini Daktari kachunguza na kaona kwamba mtu anaweza kuihamishia shule juu ya dungu. Kama Salome aliweza, akasema, Eliza atashindwaje? Mtoto alikuwa amesimama mlangoni ameshika sare zake alizotoka kuzianua. Hakusema neno. Nikaingiwa na hofu kwamba siku moja atatokea mtu wa kuandika kwamba na yeye alikuwa ametulia.

Ndipo nikakupigia simu. Unakumbuka tulivyozungumza, lakini nitakukumbusha, maana ulikuwa na haraka. Nilikuambia umekosea juu ya Salome. Ukaniuliza nina ushahidi gani. Nikasema najua tu. Ukacheka kidogo, ukasema shida yangu ni kwamba niko karibu mno na jambo hili kwa kuwa nimelelewa huku, na kwamba mtafiti mzuri angefungia hasira zake kwenye mabano kabla ya kusoma. Nikakuuliza kama ulisikiliza sauti zenyewe, zile tulizozirekodi tukivuka maji ya magotini na mashine tumezibeba kichwani. Ukasema hapana, mtu mwenye majukumu hana muda wa kusikiliza yote yale, Bryson ni makini na maandishi yanatosha. Nikakuuliza kuhusu Eliza. Ukasema hayo ni mambo ya ndani ya familia, nawe usingependa kuyachanganya na kazi. Kisha ukaniaga kwa heshima zote.

Mambo ya ndani ya familia! Ulipoyatoa redioni yalikuwa utafiti, yaliporudi nyumbani kwangu yakawa ya familia. Silvano, wewe unaalikwa kila kitivo uwafundishe watu kusikiliza. Wauguzi wamekuita, wa kilimo wamekuita, wa elimu wamekuita, kesho watakuita wa samaki. Unawaambia wayarudie mambo yenyewe. Na mambo yenyewe yamo ndani ya kompyuta yako, unabonyeza tu yanazungumza, na hukubonyeza. Falsafa nzuri kama ile umeigeuza mashine ya kukobolea. Watu wa kila namna wanakuletea mpunga wao na makapi yake na mchanga wake, na wote unatoka mweupe. Ulituambia tufungie kwenye mabano kiburi chetu cha kudhani tunajua. Wewe ulifungia watu, kiburi ukakiacha nje kinazurura.

Sasa nikupe ushahidi uliouomba. Salome ni mimi.

Ulitaka wanawake waliokatizwa masomo kwa ajili ya ndege, na hakuna kigezo chako hata kimoja ambacho mimi sina. Dorotea aliniuliza kama ningekubali kuhojiwa kama wengine, Beatus akaridhia, nikatia sahihi kama wengine, jina langu likaondolewa kama ya wengine. Hatukukuficha kwa ujanja. Kanuni yako mwenyewe ilitaka usijue. Lakini mimi, kwa ujinga wangu, niliamini kwamba ukifika pale penye mito ya Tanzania utanitambua. Wewe ndiye uliyenifundisha mito hiyo, Silvano. Ulikuwa darasa la nne, unakaa kwa shangazi Ifakara, na ulikuja shambani likizo ya Pasaka umevaa viatu. Ulipanda dungu ukakaa nami. Ukaniimbisha Rufiji, Ruvuma, Pangani, Wami, na nilipokosea ulinipiga kofi la mgongoni kama mwalimu wako. Nilicheka siku hiyo. Sikumbuki kama nilicheka tena mwaka ule.

Na kimya changu nitakueleza kilikuwa na nini, maana ukurasa mzima si haba. Siku ile nilikuomba daftari lako uniachie hadi jioni. Nikalisoma. Nilisoma kwa namna ambayo sikusikia kitu, na ndege wakashuka upande wa kichakani, wakala. Baba alipokuja aliona masuke matupu, akauliza nilikuwa nafanya nini. Wewe ndiye uliyejibu. Ulisema dada anasoma daftari langu. Baba alipanda dungu, akalichukua lile daftari, akalifuta vumbi kwa kiganja chake, taratibu, kama mtu anayefuta uso wa mtoto, akakukabidhi na kukuambia ulitunze. Mimi akaniambia shule imeniharibu na nisirudi tena. Wewe nadhani umesahau. Baba naye, Mungu amrehemu, nadhani alisahau kabla ya mavuno.

Yule mtoto wa darasa la nne simlaumu. Aliulizwa akajibu kweli. Nimemlea, nimemfulia hivyo viatu, na fedha za mpunga ule ule zilipompeleka sekondari nilishangilia kuliko watu wote. Lakini Dorotea aliponiuliza kuhusu mdogo wangu, nilikiona kile kiganja cha baba kinavyolifuta daftari, nikauma pindo la kanga. Hicho ndicho kimya ulichokiandikia, Daktari. Sikuwa nimepatana na kitu chochote. Nilikuwa na hasira, na ni hii hii ninayokuandikia nayo leo, haijapungua hata kidogo kwa miaka yote hiyo. Nilirudi kusoma nikiwa mtu mzima, jioni, pamoja na watoto ambao ningeweza kuwazaa mwenyewe, nikapata cheti changu, nikapata kazi, nikakuvalia kitenge ukumbini. Hasira ilikuwepo muda wote.

Ulitufundisha kwamba mshiriki ana haki ya kujitoa wakati wowote, tena bila kutoa sababu. Mimi sababu nimetoa, na ninajitoa. Yaondoe maneno yangu kwenye sura ya nne. Ondoa wimbo na ondoa kimya. Sura ikibomoka, na ibomoke.

Mwandiko wangu unayumba kwa sababu naandikia juu ya dungu. Ni shamba lile lile la baba, huku bondeni chini ya Mngeta, miti tu ndiyo mipya. Nilimwambia Kelestini kwamba kama dungu linataka mtu wa nyumba hii, mtu huyo ni mimi. Alicheka akidhani ni utani, akaacha kucheka aliponiona nakunja godoro. Kazini nimeomba likizo bila malipo, na jana Eliza amerudi shule. Lakini likizo yangu inaisha mwisho wa mwezi huu na mpunga hautakuwa umekomaa. Nisiporudi kazini nafasi yangu atapewa mwingine. Nikirudi, Eliza atapanda humu nilimo, na mimi najua anayepanda humu wakati wa masomo anashuka vipi. Kelestini amesema wazi kwamba nyavu atazitundika na mtoto ataachwa asome, mradi neno lile alitengue aliyelisema. Mimi ni mkewe na sauti yangu haimtoshi. Nimeshachoka kuona aibu kwa hilo, sasa natafuta linalosaidia.

Kwa hiyo njoo kabla mwezi haujaisha. Usije na kinasa sauti, wala usije na Bryson. Panda humu juu, maji ya kunywa yapo na muhogo wa kuchoma upo, ukae tangu ndege wanapoamka. Kisha niulize ilikuwaje, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, nami nitakujibu mpaka mwisho. Tukishuka twende Mlabani ukamwambie Kelestini kwamba ulikosea, na kutoka hapo upite redioni ukaseme vivyo hivyo, kwa sauti yako nzuri ile ile. Usipokuja sitakulaani, mimi ni dada yako. Ila usiniite tena kwenye ukumbi wowote unaofundisha kusikiliza.

Mama anakusalimu sana. Hajui kama nimekuandikia kwa ukali huu, na akijua atanigombeza mimi kwanza. Msalimie wifi, wasalimie na watoto, waambie shangazi yao bado anajua kupiga kombeo. Dorotea atapita kuichukua barua hii na atakukabidhi mkononi. Eliza anasema shikamoo mjomba, na kama utakuja anaomba umletee mkebe wa hesabu, wake bikari imevunjika. Sikumwambia kama wewe ndiye uliyesema redioni, alijua mwenyewe, na bado anakuomba mkebe.

Wameshuka upande wa kichakani. Naacha hapa nipige kelele.

Ndimi dada yako,

Dativa,
uliyemwita Salome.